Umechoka kuhesabu dhambi? Jinsi ya kupanga upya Mungu, sheria na dhambi kichwani mwako

Nilikuwa na daftari. Dogo, la kuingia mfukoni, nimelichora mistari kwa rula, juu siku za wiki, pembeni majina ya dhambi: hasira, uongo, tamaa, uvivu wa maombi, majivuno. Kila usiku kabla ya kulala naweka alama, alafu naomba msamaha alama moja moja, alafu nazima taa. Wiki yenye alama chache nilikuwa natembea kifua mbele (hiyo yenyewe ilitakiwa iwe alama kwenye majivuno ila sikuwahi kuiweka). Wiki mbaya nilikuwa sisali kabisa, naogopa, kama mwenye deni anayezunguka mtaa wa nyuma asikutane na anayemdai.

Sasa Jumanne moja kwenye mstari wa uongo kuna alama moja. Ripoti ilichelewa kazini, na aliyeichelewesha ni mimi, bosi akauliza imekuwaje, nikamjibu mwenzangu hajanipa takwimu. Alikuwa ameshanipa toka Ijumaa. Usiku nikaweka alama yangu, nikatubu, na kiukweli nilitubu kwa machozi, nikalala fofofo. Yule mwenzangu hakuwemo kwenye ile sala hata kwa jina, mi nilikuwa namalizana na Mungu kuhusu kitu kinaitwa uongo, basi.

Ilinichukua miaka kugundua kwamba pale ndo palikuwa na shida, na haikuwa shida ya bidii, bidii nilikuwa nayo hadi inamwagika, shida ilikuwa ni mpangilio. Kichwani mwangu Mungu alikuwa hakimu, sheria ndo ukuta, dhambi ni kugusa ukuta, na binadamu wengine ni kama watu wanaopita tu barabarani. Kama na wewe umepangwa hivo, jaribu hivi nilivojaribu mimi. Sijasomea theolojia chuoni, mi ni msomaji tu mwenye ubishi mwingi, kwahiyo pale utakapoona nimechemsha rudi kwenye Biblia yako. Unahitaji hiyo Biblia, kalamu, karatasi, na jioni nne au tano, usifanye yote siku moja.

Jioni ya kwanza usisome chochote, kaa na neno "kosa"

Kiswahili kimetupa zawadi hapa na hatuna habari. Chukua kitenzi kukosa ukigeuze geuze kwenye karatasi. Nimekosa goli. Nimekosa usafiri. Nimemkosa nyumbani. Nimemkosea. Wamekosana. Kitenzi ni kile kile mwanzo mpaka mwisho, kinaanzia kwenye kulenga na kutopata, kinapita kwenye kutomkuta mtu, kinaishia kwa watu wawili ambao hawaongei.

Alafu angalia Kiebrania. Neno linalotumika sana kwa dhambi linatokana na kitenzi "hata" (sio hata yetu ya Kiswahili), na hicho hicho ndo kipo kwenye Waamuzi 20:16, pale wanaposifiwa watu 700 wa Benyamini wenye mkono wa kushoto, kila mmoja anarusha jiwe kwa teo anapiga unywele hakosi. Hakosi, ndo "hata" hiyo. Kigiriki nacho hamartia, neno ambalo mzizi wake ni kukosa shabaha vile vile. Kiebrania kina maneno mengine ya dhambi, kuna avon yenye wazo la kupinda, na pesha ambalo ni uasi kabisa, mtu kumgeuka mkubwa wake, kwahiyo sisemi dhambi zote ni bahati mbaya ya mkono kuteleza. 1 Yohana 3:4 inasema wazi kwamba dhambi ni uasi. Ila hata uasi unamhitaji mtu unayemuasi, hamna mtu anaasi ubao wa matangazo.

Na "torati" je? Wengi wanaihusisha na kitenzi yara, ambacho kinabeba kurusha, kama kurusha mshale, na pia kuonyesha na kufundisha. Yani torati ni maelekezo, ni mkono unaonyoosha kidole kule. Hata neno letu "sheria" tulilochukua Kiarabu, maana yake ya kale kule lilikotoka ni njia ya kwenda kwenye maji. Sasa linganisha na ile picha yangu ya ukuta. Ukuta unakuzuia usiende, njia ya maji inakupeleka mahali, na mtu aliyetoka kwenye njia ya maji tatizo lake kubwa sio kwamba amevunja kanuni za njia, tatizo lake ana kiu na anazidi kupotea.

Jioni ya pili, soma kitabu cha Kutoka kwa mpangilio wake

Sisi wengi tunazijua amri kumi kama orodha ya kukariri, zimekatwa zikabandikwa peke yake. Usifanye hivo. Anza Kutoka sura ya 12, soma kwa mwendo, usiku ule wa pasaka, kutoka Misri, bahari, mana, manung'uniko, mpaka sura ya 19 ambapo wanafika Sinai mwezi wa tatu toka watoke, ndo uingie 20. Utaona kitu ambacho daftari langu halikuwahi kuniambia: wameshatolewa. Mungu hakuwapelekea amri wakiwa Misri akasema mkizishika kwa miezi sita na mkipata alama nzuri nitawatoa. Sentensi ya kwanza kabisa kabla ya "usi" yoyote ni "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Amri zinafuata baada ya hapo. Wanaelezwa namna ya kuishi watu ambao sio watumwa tena, na ukiisoma hivo hata ile ya Sabato inabadilika sura, maana mtumwa hana siku ya kupumzika na hawa sasa wanaambiwa wapumzike, wao na watumishi wao na wanyama wao.

Paulo naye anapiga hesabu ile ile kwenye Wagalatia 3:17, kwamba ahadi kwa Ibrahimu ilikuja kwanza na torati ikafuata miaka 430 baadae, na haiwezi kuifuta. Wagalatia ina sura 6 tu, isome yote kwa mkao mmoja. Ukifika 3:24 simama kidogo. Union Version, ile tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, inasema torati imekuwa "kiongozi" kutuleta kwa Kristo, na neno la Kigiriki pale ni paidagogos. Huyo hakuwa mwalimu. Alikuwa ni mtumwa wa nyumbani aliyepewa kazi ya kumsindikiza mtoto shuleni, kumchunga njiani asicheze cheze, kumrekebisha tabia, na mtoto akikua kazi yake inaisha. Sasa fikiria mtu mzima kabisa ana ndevu bado anasindikizwa, tena anadhani yule msindikizaji ndo baba yake. Nilipofika hapo nilicheka, alafu nikaacha kucheka.

Jioni ya tatu, mtafute mtu ndani ya amri

Hili ndo zoezi lenyewe, mengine yote ni maandalizi. Chukua amri moja inayokusumbua, iandike kama ilivyo kwenye Biblia na sio kama unavyoikumbuka, alafu tafuta ndani yake kuna nani.

Mi nilichukua ile ya uongo. Daftari langu lilikuwa limeandika "uongo", neno moja. Nikafungua Kutoka 20:16 nikakuta "Usimshuhudie jirani yako uongo." Miaka yote ile nilikuwa nimemfuta jirani! Angalia hata Kiswahili chenyewe, usi-M-shuhudie, yule mtu amekaa katikati ya kitenzi, huwezi kumtoa bila kukibomoa. Mstari wa 17 nao, wa kutamani, mi niliuandika "tamaa" kama vile ni joto fulani linapanda mwilini, kumbe umejaa jirani, nyumba ya jirani yako, mke wa jirani yako, chochote alicho nacho jirani yako. Ukijumlisha hiyo mistari miwili jirani ametajwa mara nne.

Fanya hivo hivo na Walawi 19. Sura inaanza na "mtakuwa watakatifu" kwa kuwa Mungu ni mtakatifu, na mtu wa daftari kama mimi nikisikia utakatifu najiandaa kwa mambo ya kujifungia chumbani, alafu sura inakuja na nini? Usivune mpaka pembe za shamba, mwachie maskini na mgeni. Mshahara wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Usimlaani kiziwi, usimwekee kipofu kikwazo. Na kila baada ya kipande inarudia "Mimi ndimi BWANA". Hapo ndo nilipata jibu la swali la zamani la kifalsafa, kwamba je jema ni jema kwa sababu Mungu ameamuru, au ameamuru kwa sababu ni jema, swali ambalo Plato aliliuliza kwa miungu ya Wagiriki. Kwa jinsi ninavyoisoma Walawi 19, sheria haiko juu ya Mungu kama katiba, na haijatoka kwake kwa kujisikia tu, ni tabia yake mwenyewe imeandikwa kwa lugha ya shamba na mshahara. Kiziwi hasikii laana yako, nani ataumia? Mungu anasema nimesikia mimi.

Watu huwa wanauliza hapa, sa dhambi ni kumkosea Mungu au kumkosea mtu? Daudi kwenye Zaburi 51 anasema "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako", na mi nilikuwa naupenda sana huo mstari kwa sababu mbovu, ulikuwa unanisaidia kumruka yule wa ofisini. Ila rudi nyuma ya ile zaburi, 2 Samweli 12. Nabii Nathani anaenda kwa mfalme ambaye amemchukua mke wa mtu na kumuua mwenye mke, Uria, na hafungui torati. Anatoa stori. Tajiri ana kondoo wengi, maskini ana kamoja tu ka kike, anakalisha, kanakunywa kikombe chake, kanalala kifuani pake, na tajiri anakachukua anakachinjia mgeni. Daudi anawaka, na sikiliza anachosema: atamlipa yule kondoo mara nne. Mara nne! Hiyo sio namba ya hasira, ndo hukumu ya Kutoka 22:1 kwa mwizi wa kondoo, mara nne kamili. Yani sheria alikuwa nayo kichwani, sura na mstari, na angeweza kufundisha darasa. Alichokuwa hana ni Uria. Nathani alimrudishia Uria machoni kwa kutumia kondoo, alafu ndo akamwambia "Wewe ndiwe mtu huyo."

Nimejaribu mwenyewe, kuongeza sheria kwenye kichwa kilichoshamfuta jirani hakurudishi jirani.

Usiitupe picha ya mahakama, ipunguze tu

Mtu akifika hapa anapata joto anataka kufuta hakimu, hukumu, deni, vyote. Taratibu. Paulo mwenyewe anatumia lugha ya mahakamani, kuhesabiwa haki ni lugha hiyo. Ila ni vizuri ujue kwanini kwetu imekuwa kubwa hivi mpaka imemeza nyingine. Ukristo wa Magharibi umepita kwenye mikono ya watu waliozoea sheria na heshima za mabwana: Anselm wa Canterbury mwishoni mwa karne ya 11 alieleza dhambi kama kutompa Mungu heshima anayodaiwa, Martin Luther alianza kusomea sheria mwaka 1505 kabla hajaingia utawa mwaka huo huo, John Calvin aliisomea sheria Orléans. Sisemi walikosea, nasema mtu huona kwa macho aliyo nayo. Makanisa ya Mashariki, yani Waorthodoksi, yameshikilia zaidi picha ya hospitali, dhambi ni ugonjwa na Kristo ni tabibu, na hiyo nayo imo kwenye injili, Marko 2:17, wenye afya hawahitaji tabibu. Na toka E. P. Sanders, msomi wa Agano Jipya, alipoandika mwaka 1977 wataalamu wengi wamekuwa makini zaidi wakisema kuhusu Wayahudi wa wakati wa Paulo, kwamba hawakuwa watu wa kununua mbingu kwa pointi kama tulivyozoea kuhubiriwa, walishika torati wakiwa tayari ndani ya agano. Hilo liliniuma kidogo maana nilikuwa nawacheka Mafarisayo huku daftari liko mfukoni mwangu mimi.

Na upande wa pili kuna shimo vile vile. "Kwahiyo sheria haina kazi, ni upendo tu." Paulo aliulizwa hilo swali na jibu lake ni "Hasha!", iko Warumi 6, na 7:12 anasema torati ni takatifu, na amri ni takatifu na ya haki na njema. Upendo usio na amri unageuka haraka sana kuwa chochote ninachojisikia leo. Mshahara wa kibarua usilale kwako, hiyo inanibana vizuri kuliko "mpende kibarua". Kuhusu zipi zinatuhusu na zipi hapana, nyama, tohara, sikukuu, kanisa lilibishana toka Matendo 15 na mpaka leo madhehebu hayakubaliani, sitajifanya nimemaliza hapa. Mi nashika lile la Mathayo 22, kwamba katika amri hizi mbili, kumpenda Mungu na kumpenda jirani, hutegemea torati yote na manabii, nikikuta amri siielewi namuuliza Mungu inamlinda nani.

Jioni ya nne, Luka 15, ila msikilize kaka mkubwa

Mdogo mtu tunamjua. Kaandaa hotuba huko kwa nguruwe, "Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako," sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Hesabu, ni vipande vitatu. Akifika anasema viwili, cha tatu cha kuomba kazi hakipo, baba ameshaanza kuita joho na pete na viatu. Alikuja na mpango wa malipo na hakupata nafasi ya kuutoa.

Sasa mkubwa. Amekataa kuingia, amesimama nje, anamwambia baba kwamba miaka yote hii nimekutumikia, "wala sijakosa amri yako." Kigiriki pale kimetumia kitenzi kingine, cha kupita au kuruka, lakini waliotafsiri Union Version wakaweka kukosa, na mi nawashukuru sana. Maana hapo unaona wana wawili na kitenzi kimoja. Mmoja amekosa kila kitu na amempata baba. Mwingine hajakosa amri hata moja na amemkosa baba, anaongea nae kama mfanyakazi anayedai, na mdogo wake hamuiti ndugu yangu, anasema "huyu mwana wako". Baba anamjibu "huyu ndugu yako". Anamrudishia mtu kwenye sentensi, kama Nathani.

Soma hiyo sehemu kwa sauti, taratibu, uone wewe unaongea na sauti ya nani.

Alafu sasa ufanye nini na dhambi yenyewe

Kama una daftari, usilichome kwa mbwembwe. Lifungue, na mbele ya kila alama jaribu kuandika jina. Zipo alama ambazo hutapata jina lolote, nazo zichunguze, inawezekana sio dhambi ni hofu tu ulifundishwa, na inawezekana jina ni lako mwenyewe. Zile zenye jina ndo za kuanza nazo.

Utaratibu wa Walawi 6:1-7 ni mzuri sana na hauhubiriwi. Unaongelea mtu anayemuasi BWANA kwa kumwambia mwenzake uongo, angalia hiyo, Mungu anahesabu ni kuasiwa yeye wakati aliyedanganywa ni mwenzako. Kwanza anarudisha chote, anaongeza sehemu ya tano juu, anampa mwenyewe, sio kanisa, mwenyewe, alafu ndo analeta sadaka ya hatia. Yesu kwenye Mathayo 5:23 naye hivo hivo, umeshafika madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka hapo nenda kwanza. Zakayo alipitiliza, mara nne, ile ile ya kondoo.

Kwahiyo: mtaje mtu kwenye sala kwa jina. Sema ulichomfanyia kwa kitenzi, "nilimsingizia", sio "kulikuwa na hali ya kutokuelewana". Tafuta kinachorudishika ukirudishe na uongeze kitu. Usiende kwake kujisafisha, kama kumtafuta kutamuumiza zaidi au hataki kukuona, mwache, rudisha kwa njia nyingine. Na kama wewe ndo uliyeumizwa, hasa kama ulipigwa au kunyanyaswa, hakuna kitu hapa kinachokuambia urudi kwa aliyekufanyia hivo. Na kama bado unaungama kitu kile kile mara 10 kwa siku na hupati amani, ongea na mchungaji au padri mwenye busara, na mtaalamu wa afya ya akili pia, maana hiyo inaweza kuwa ugonjwa kabisa na inatibika.

Mimi nilianza na ile alama ya Jumanne. Ilikuwa imepita miaka na tulikuwa bado ofisi moja. Nikaenda kwa bosi kwanza, nikamwambia ile ripoti niliichelewesha mimi na takwimu nilipewa Ijumaa, bosi hata hakuwa anaikumbuka, ila nikamwomba aijue hivo, nikaona hiyo ndo sehemu ya tano yangu. Alafu nikaenda meza ya mwenzangu nikamwambia nilikusingizia. Akaendelea kuandika kidogo, akasema, "Nilijua siku ile ile, bosi aliniita." Nikamwambia samahani. Akasema sawa.

Siku hizi tunasalimiana vizuri. Chakula cha mchana bado kila mtu anakula kivyake.